Karte ya Zuhura

Tuliwaacha majini. Motere imezimwa, Kalemie iko nyuma mwendo wa saa moja, na Nahodha Chabani amemwambia Papa Urbain maneno mawili tu: "Vua jile."

Wiki nzima mumenitumia ujumbe. Mama mmoja wa Kataki anataka nahodha amtupe upesi, asichelewe, yeye ana ndagala zake, samaki wadogo wa kuuza, juani. Bwana mmoja wa Kitali ameandika kurasa tatu kwamba damu haisafishi damu, kisha pale chini kabisa akaongeza: lakini ampige kidogo. Nimewasoma wote. Muko wakali sana kwa watu wanaoshuka pikipiki wakiona polisi wa barabara.

Haya, twende.

Jile ile ya rangi ya chungwa, ya kumwelesha mtu akianguka majini, ilikuwa moja tu ndani ya boti. Nyingine zilikwisha kugeuzwa mito ya kukalia. Papa Urbain alipewa hiyo moja kwa heshima, maana yeye ni direktere wa Mutuelle Tubebane, ule mfuko wa matibabu ambao nusu ya mji inautilia kila mwezi ili siku ya ugonjwa karte ifungue mlango wa hospitali. Alikuwa anakwenda Zongwe kuandikisha wanachama wapya.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kutoa simu kwenye mfuko wa shati na kuangalia mtandao. Hakuna. Akairudisha. Kisha akaanza kufungua kamba za jile, polepole, kwa vidole vya mtu aliyezoea kufungua mafaili. Akauliza kwa sauti ya biro, ile ya ofisini, kama motere iko na tatizo.

"Motere iko muzima," Chabani akamwambia. "Unanijua?"

"Weye ni nahodha."

"Na mbele ya hapo?"

Urbain akamtazama vizuri, kichwa mpaka miguu, kama mtu anayetafuta stempo kwenye karatasi. Hakumjua. Hilo lilimchoma Chabani kuliko yote. Wiki kumi na moja alilala na kuamka na sura ya huyu bwana, na huyu bwana hakuwa amebaki hata na pua ya Chabani kichwani.

Basi akamkumbusha, na boti nzima ikasikia. Mke wake Zuhura alishikwa na tumbo siku ya Ijumaa. Daktari akasema utumbo umejisokota, apasuliwe leo, si kesho. Iletwe tu karatasi ya mutuelle. Chabani akakimbia biro. Papa Urbain akafungua faili, akaifunga, akasema karte hiyo ilikwisha kupasuliwa mwaka huu, na sheria ya Tubebane ni operesheni moja kwa mwaka. Chabani akaapa kwamba kisu hakijawahi kugusa mwili wa mke wake. Akaambiwa arudi Jumatatu na mashahidi. Jumapili saa nne ya asubuhi Zuhura akafa kwenye benchi ya koridoni, karte ndani ya kiganja chake, picha ikiangalia juu.

Kabla ya maneno hayo abiria thelathini walikuwa wanamnung'unikia nahodha kwa kuwachelewesha. Sasa manung'uniko yakahama upande. Mmoja akakumbuka mguu wa mtoto wake uliokatwa kwa kungojea sahihi. Mwingine akakumbuka baba yake. Ikawa kama vile kila mtu alipanda boti na maiti yake mfukoni na alikuwa anangojea tu mwenzake aanze kuitoa.

Prospère, fundi wa motere, kijana ambaye mdomo wake unakimbia kuliko motere yenyewe, akasema hakuna haja ya hotuba. "Mukiona muntu na panga munasema muuaji," akawaambia. "Huyu anaua na stempo, na ninyi munamupa jile."

Watu wakasema ndiyo.

Pale juu ya magunia matatu ya unga alikuwa amekaa Mama Domitille, mfanyabiashara wa siku nyingi, amekaa kama mwenye boti. Yeye hakusema ndiyo. Akasema akitupwa huyu leo, kesho kiti chake kitapata mwingine, na huyo wa kesho atatembea na askari wawili, na karte zenu zitabaki zilezile. Prospère akamuuliza kama basi tuwaache watuue kwa zamu. Mama akamwambia yeye hakusema hivyo, na asimtie maneno kinywani, kinywa chake mwenyewe kinamtosha.

Kisha akamgeukia Chabani. "Mwanangu, asubuhi pale mwaloni, mbele ya kusukuma boti, uliuliza nini?"

Kila mtu alijua aliuliza nini. Boti yetu haiondoki kabla nahodha hajauliza: nani iko na kesi na mwenzake humu ndani? Mwenye kesi anaisema, wanapatana au mmoja anashuka. Kesi inabaki nchi kavu, kwa sababu majini hakuna mlango wa kutokea. Asubuhi ile Chabani aliuliza kama kila asubuhi, wakati Papa Urbain amekwisha kukaa, jile kifuani.

"Niliuliza," akasema. "Hakuna aliyejibu."

"Na weye mwenye kuuliza, ulijibu?"

Chabani akatazama maji. "Yeye pia hakujibu. Na kesi ni yake."

"Hakujua kama iko na kesi."

"Njo kesi yenyewe hiyo, Mama."

Mama Domitille akapangusa unga magotini.

Hapo Papa Urbain akapata nguvu ya ajabu, ile ya mtu anayeamini karatasi. Akasema yeye hakumwonea mtu. Akasema faili ya huyo mama anayo hapohapo, maana alikuwa anapeleka mafaili Zongwe akawaonyeshe wanachama wapya jinsi kazi inavyofanywa kwa utaratibu. Akafungua mfuko wake wa nailoni, akatoa, akasoma mbele ya watu wote, miwani ikiteleza kwa jasho:

"Zuhura. Amepasuliwa mwezi wa pili, tarehe kumi na tisa. Amezaa kwa kisu. Mutoto mwanaume, kilo tatu na robo."

Chabani akacheka. Kicheko chake kilikuwa kibaya. Watoto waliokuwa mbele ya boti wakaacha kucheza.

Zuhura hakuwahi kuzaa. Miaka tisa ya ndoa, dawa za hospitali, dawa za mizizi, dua, maji ya kusomewa, hakuna. Kalemie nzima ilijua. Wengine humo botini walimsengenya kwa hilo na sasa walikuwa wanajifanya kukuna shingo. Mwanamke ambaye tumbo lake halikuwahi kujaa, mutuelle imemtoa mtoto wa kilo tatu na robo.

"Mulitoa mutoto gani?" Chabani akauliza. "Mulimuweka wapi? Nipeni, nimulee."

Papa Urbain akaangalia karatasi, akaangalia watu. Abiria thelathini walikwisha kujijibu wenyewe: hao ni watoto wa hewa. Bwana anaandika vizazi vya uongo, anakula, na wenye karte wanakufa kwenye benchi.

Mama Domitille aliinua mkono aseme kitu. Alichelewa. Prospère alikwisha kumvaa direktere, mkono mmoja kwenye mkanda, mkono wa pili kifuani mwa shati, akamnyanyua kama gunia la mihogo. Faili ikaangukia miguuni mwa Chabani. Jile ikabaki juu ya ubao. Papa Urbain akaenda majini kwa kichwa.

Aliibuka bila miwani na bila kiatu kimoja. Akashika tairi, lile la pikipiki linaloning'inizwa ubavuni ili boti isijigonge bandarini, akaling'ang'ania kwa mikono miwili, mdomo wazi kama samaki mgebuka aliyevuliwa.

Watu wakashangilia. Nisiwafiche: walishangilia, na mmoja wao ni shemasi.

"Yaya."

Sauti ilitoka nyuma, kwenye magunia. Ilikuwa ya Mwanamisi, mdogo wake Chabani, tumbo moja, baba mmoja; yaya kwake ni kaka mkubwa. Alikuwa amesimama, mtoto wake Yassine amefungwa mgongoni kwa kitenge.

"Yaya, kilo tatu na robo njo huyu."

Chabani hakuelewa. Ikabidi amwambie tena, na mara ya pili aliongea huku akitazama sakafu ya boti. Mume wake alikwenda kuchimba madini Manono akanyamaza hukohuko. Uchungu ulipomshika mtoto alikaa vibaya, hospitali ikadai karatasi, na yeye hakuwa mwanachama wa kitu chochote. Zuhura akaja na karte yake. Picha ilikwisha kuliwa na unyevu wa ziwa, imebaki kitambaa cha kichwa na giza. Wauguzi wakatazama pembeni. Siku tano Mwanamisi aliitika jina la Zuhura. Na Zuhura akamkataza kumwambia kaka yake, kwa sababu Chabani ni mtu asiyejua kusema uongo, angekwenda kuwaambia mwenyewe.

"Aliniambia karte inalala tu ndani ya sanduku, kama nguo ya harusi. Akasema acha ikufanyie kazi."

Chabani akamtazama Yassine. Huyo mtoto alimbeba begani tangu anatoka hospitali. Wiki hizi kumi na moja ndiye pekee aliyemfanya acheke.

"Mbona hukunieleza?"

"Nilikuja siku ya arobaini nikueleze. Ukanipa sahani ya wali." Mwanamisi akakaza fundo la kitenge. "Nikakula."

Wasomaji, mimi ni mtu wa mizaha, munanijua, na hapa ningetia mmoja. Mama Domitille amenitangulia. Juu ya magunia yake, bila kucheka, akasema: "Karte yangu imekwisha kuzaa mara mbili. Na miye niko na miaka makumi sita na moja."

Mtu mmoja akaguna kicheko, akakikata. Wengine wote walikuwa wanatafuta kitu miguuni mwao. Maana ndani ya boti ile hapakuwa na karte iliyokuwa inalala kwao siku zote. Tunaazimana sufuria ya msiba, tunaazimana viti, tunaazimana suti ya kufungia ndoa; karte ingekosaje? Jirani anavuja damu mlangoni pako, utamwambia picha si yake?

Chabani akainama, akaokota faili. Alitaka tu aione ile tarehe. Lakini pembeni mwa tarehe, kwa kalamu ya risasi, herufi ndogo nzuri za mtu aliyesoma shule ya masista, palikuwa na maneno mawili.

*Si mwenyewe.*

Akayasoma. Akayasoma kwa sauti. Kisha akaenda ubavuni, akachutama juu ya tairi.

"Mulijua."

Papa Urbain alikuwa anatetemeka mpaka tairi linapiga mbao. "Tunajua zote," akasema. "Zote tunaziandika pembeni."

"Mbona hamukukataa siku ileile?"

"Kuzaa ni bei ndogo. Ile tunalipa." Wimbi likampita kinywani, akatema. "Tunangojea ile ya bei kubwa."

Hebu tuisome tena polepole, kwa ajili ya bwana wa Kitali. Walijua tumbo la Zuhura ni zima. Walijua kisu kilipita kwa mwanamke mwingine. Waliiweka huruma yake ndani ya droo, kama mtego wa panya, mpaka siku atakapougua kweli. Na sheria yao ilikuwa na haki, stempo iko, tarehe iko. Hata Mungu angefungua ile faili angekuta imepangwa vizuri.

"Nani aliandika hii?" Chabani akauliza.

Urbain akafungua mdomo ajibu. Badala ya jina yakaingia maji. Mkono mmoja ukaachia tairi, kisha wa pili.

Kamba ilikuwa mguuni pa Chabani. Nataka mujue hilo, munaoniandikia. Kamba ilikuwa pale, na yeye akasimama akiitazama, muda wa mtu kusoma Fatiha yote mpaka amina. Nyuma yake mtu alisema waache maji yaamue. Mama Domitille alisema jina lake mara moja, Chabani, kama mzazi anavyosema.

Akaruka. Kama ni kwa huruma au kwa ajili ya jina la aliyeandika, lililokuwa linazama na Urbain, hata yeye akiulizwa leo hajui.

Alimtoa. Alikuwa mzito, mweupe midomoni, na tumbo limejaa ziwa. Wakamlaza kifudifudi juu ya unga wa Mama Domitille, wakamkamua. Akapumua vibaya, kama msumeno kwenye ubao mbichi, lakini hakufumbua macho. Prospère akasema waendelee Zongwe. Chabani akageuza boti kuelekea Kalemie na hakumjibu.

Mwaloni wale thelathini waliokuwa mahakama nzima wakageuka abiria. Kila mmoja akabeba mzigo wake, akakumbuka ana shughuli. Shemasi alikuwa wa kwanza kushuka. Waliompeleka mgonjwa hospitali kwa mkokoteni wa kubebea samaki walikuwa wanne: Chabani, Prospère, Mama Domitille, na Mwanamisi, mtoto mgongoni.

Korido ni ileile. Benchi ni ileile. Wakamlaza pale.

Muuguzi Odile alikuja, akasikiliza kifua, akasema maji yameingia kwenye mapafu, anatakiwa mashine ya pumzi sasa hivi. Akatoa daftari. Mgonjwa anaitwa nani, na karte yake iko wapi?

Wanne wakatazamana.

Munashangaa hakumjua direktere wa Tubebane? Angemjulia wapi? Yule bwana hakuwahi kukanyaga koridoni hapo; zilikuja sahihi zake tu. Na sasa alikuwa mwanaume wa shati lililolowa, kiatu kimoja, unga usoni. Kumtaja jina lake ni kutaja nani alimtupa majini. Mama Domitille alifumba macho kama anayesali. Mwanamisi alikuwa anambembeleza mtoto ambaye halii.

Prospère akasogea karibu na sikio la nahodha. "Nyamaza tu," akanong'ona. "Karatasi yake njo itamuua. Weye mukono wako uko safi."

Na Chabani akaona jinsi kazi ile ilivyo rahisi. Huhitaji petroli wala panga. Unakaa kimya, muuguzi anangojea, saa ya ukutani inakufanyia kazi, na jioni unakula ugali wako na mikono inanukia sabuni. Papa Urbain alifanya hivyo Ijumaa ile. Hakuchukia mtu. Alifunga faili tu. Sasa faili ilikuwa mkononi mwa Chabani, na mtu aliyekuwa kwenye benchi alikuwa anapumua kwa msumeno ule, kila mara mbali zaidi na iliyopita.

Ingekuwa ni mimi? Sijui. Musiniulize.

Chabani akaingiza mkono mfukoni, akatoa karte yake, yeye mwenyewe, ya nahodha, yenye picha ambayo ziwa lilikwisha kuila nusu. Akaiweka juu ya daftari.

"Anaitwa Chabani," akasema.

Odile akatazama picha. Akamtazama mgonjwa. Akamtazama huyu aliyesimama, maji yakimdondoka ndevuni.

"Huyu si mwenyewe."

"Ni yeye, Mama. Andika."

Zuhura angekuwa hai, asingeamini masikio yake.

Odile hakuwa mtu mbaya. Aliita vijana walete mashine mlangoni, iwe tayari. Lakini akaonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani tangu mwezi uliopita, yenye stempo ya Tubebane: kila karte yenye mashaka, muuguzi ampigie direktere kwanza, asipofanya hivyo atalipa yeye. Namba iko chini. Ana watoto wanne, akasema, na hawezi kulipa. Akabonyeza namba ile moja moja, akaweka simu sikioni, na watu wanne wakamtazama bila kumwambia kwamba anamwita mtu aliyelala mbele yake, na kwamba simu ya mtu huyo iko chini ya ziwa.

Ikaita.

Ikaita kweli, kwa sauti, palepale koridoni. Yassine akageuza kichwa kutafuta inatokea wapi. Mama Domitille akafumbua macho.

Ilikuwa inalia ndani ya suruali ya Prospère, na Prospère alikuwa anaifunika kwa mkono uleule uliomshika direktere kifuani mwa shati. Chabani akanyoosha mkono, akaitoa mwenyewe. Haikuwa imelowa hata tone.